Shaba ya Tramu Namba Tano

Saa kumi na moja alfajiri, Kazan, baridi hasi ishirini,
naiamsha tramu kwa ufunguo na kofi.
Inakohoa. Nami nakohoa.
Juu yetu waya wa shaba umenyooka gizani;
tumboni mwangu upo mwingine,
mwembamba, umezungushwa kwenye kijiti cha plastiki
kisichofika urefu wa kidole changu cha mwisho.
Waya mmoja unaendesha mji.
Mwingine unanimwaga.

Daktari Wenera alisema kitanzi ni kama kiatu kipya:
miezi mitatu kitabana, halafu utakisahau.
Huu ni wa saba.
Zamani nilikwenda mwezini siku nne,
nikarudi, nikafua, yakaisha.
Sasa nakwenda mwezini siku kumi na moja
na njia ya kurudi siioni.

Pedi mbili, moja juu ya nyingine,
taulo la mtoto lililokunjwa mara nne,
suruali nyeusi, na juu yake nyeusi nyingine.
Hata hivyo nahesabu vituo kama mtu anayehesabu madeni:
Daraja la Pili, Shule ya Reli, Hospitali ya Macho…
Choo kiko mwisho wa laini tu, dakika hamsini na mbili,
na ratiba haina tumbo.

Leo, kabla ya Hospitali ya Macho, bonge limeshuka.
Nimelisikia likishuka,
la moto, zito kama ini la kuku,
na kiti cha dereva ni cha kitambaa.
Abiria anagonga kioo: mbona tumesimama, mama, taa ni ya kijani!
Naiona.
Naiona kupitia vinyota.

Kondakta wangu, Mäginur apa, miaka sitini na minne,
sauti ya kukatia mkate mkavu,
anachungulia, anaona, haulizi.
Anawageukia watu:
"Reli imeganda kwenye njia panda! Dakika tano!
Mwenye haraka ateremke atembee!"
Reli haijaganda. Reli inang'aa kama kijiko.
Anavua shali yake ya manyoya ya mbuzi,
ile aliyofuma mama yake,
ile asiyomwazima mtu hata msibani,
ananifunga kiunoni.
"Itachafuka, apa."
"Ilishachafuka kabla hujazaliwa.
Changu nilikaa nacho miaka kumi na minane.
Nani aliniuliza?"

Karatasi ya maabara imo mfukoni tangu Jumatatu:
hemoglobini, themanini na moja.
Chuma tani kwa tani chini ya magurudumu yangu,
na ndani yangu hakitoshi msumari mmoja.
Ndiyo maana nalala na viatu.
Ndiyo maana natafuna barafu ya dirishani
mtoto akinitazama.

Rawil yuko visimani kaskazini,
siku thelathini huko, thelathini nyumbani.
Kwenye simu anasema: kitoe basi.
Anasema kitoe kama mtu asemavyo zima taa.
Namuuliza: halafu?
Namsikia akihema. Upepo wa huko, au yeye.
Watoto watatu wanalala kitanda kimoja cha kukunjua.
Vidonge vilinipasua kichwa.
Kondomu, anasema, mimi si mgeni humu.
Kila mlango una bei yake,
na risiti zote zimeandikwa jina langu.

Alhamisi, saa tano, nimepewa nafasi.
Daktari atakitoa, au ataweka kingine chenye homoni,
ambacho bei yake ni nusu ya mshahara,
au ataniambia tena habari ya kiatu.
Sijaamua. Nitaamua nikiwa nimelala pale,
soksi miguuni, macho kwenye dari.
Ila kabla hajaushika uzi
aniulize.

Mäginur apa anapiga kengele mara mbili.
"Reli imeyeyuka," anatangaza, bila haya hata chembe.
Tunaondoka.
"Nitaifua leo leo, apa. Maji baridi."
"Chumvi kwanza," anasema, hageuki,
anadai nauli.